Dua ya Zulia la Kijani

Mlinzi aliichukua simu, akaitazama, kisha akanyoosha kidole kimoja. Kibali kilikuwa kimoja.

Mama Pacha alisogea, akamwonyesha kwa mkono kwamba wao ni wawili, yeye na mama mkwe wake. Mlinzi, mwanamke aliyejifunika uso wote akabakiza macho, alitikisa kichwa na kunyoosha kidole kilekile. Nyuma yao foleni ya wanawake ilifika mpaka kwenye makabati ya viatu, na tayari kuna mtu alikuwa anaguna.

Jana yake mumewe alikaa na simu saa nzima akiomba vibali vya kuingia Rawdha, kile kipande kidogo cha msikiti kati ya nyumba ya Mtume na mimbari yake, chenye zulia la kijani, ambacho kila anayefika mji ule hutamani aswali hapo japo rakaa mbili. Mume ni fundi wa majokofu na mtaani huitwa Fundi tu. Anaweza kufufua friji lililotupwa jalalani, lakini simu ilimshinda. Kibali cha mama yake kilirudi na maandishi mekundu asiyoyaelewa, akaona haya kwenda kumuuliza tena kiongozi wa msafara, maana asubuhi ile kiongozi alishamwambia mbele ya watu kwamba simu si friji, haigongwi ubavuni ikawaka. Basi akamwambia mkewe kuwa vyote vimepita, akitumaini kwamba walinzi wana huruma kwa wazee.

Mama mkwe alikuwa ameshika kiwiko cha Mama Pacha, akitabasamu kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoijua. Watu wote walimwita Bi Mwalimu. Kwa miaka arobaini alisomesha watoto wa mtaa Kurani sebuleni kwake, na Mama Pacha mwenyewe alichapwa vidole mle ndani kabla hajaolewa na mtoto wa nyumba ile. Kila aliyekuwa anasafiri kwenda kuzuru alipita kwanza kwa Bi Mwalimu afundishwe adabu za safari: ingia kwa mguu wa kulia, mtolee Mtume salamu kwa sauti ya chini, usishike vyuma wala kuta, usimsukume mtu, na wakazi wa mji ule waheshimu hata wakikukosea kwa sababu ni majirani wa Mtume. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Wanafunzi wake walipomchangia safari, kichwa chake kilishaanza kuvuja kama debe lililotoboka. Siku ya kwanza alisimama mbele ya msikiti, akatoa salamu zote bila kukosea neno, machozi yakimtiririka. Walipokuwa wanarudi hotelini akauliza nani amekufa, mbona watu ni wengi hivi.

Foleni ilisogea. Mwenzao wa msafara, muuza vitambaa ambaye walilala naye chumba kimoja, alimgusa bega Mama Pacha na kumwambia aamue, watu wanangoja. Akaongeza kwa sauti ya kutosha kusikika na wenzao wanne kwamba wagonjwa wa namna hii huachwa nyumbani.

Kibali kingeisha baada ya nusu saa. Kingine hakipatikani mpaka mwaka upite, na mwaka ukipita, nani angemrudisha yeye, mpishi wa shule, katika mji huu?

Alimpeleka mama mkwe kwenye nguzo ya tatu kutoka kwenye kizuizi cha mlinzi, akamkalisha, mgongo kwenye marumaru. Kando yake alikaa bibi wa nchi nyingine akisoma msahafu. Mama Pacha alimwonyesha kwa ishara: mwangalie mama yangu, narudi. Bibi yule akaweka mkono kifuani.

"Mama, usiinuke hapa. Narudi sasa hivi."

"Nenda kamsalimie Mtume," alisema Bi Mwalimu. "Na usisukumane na watu."

Maneno yalikuwa mazima kabisa, maneno ya Bi Mwalimu wa zamani, na hayo ndiyo yaliyompa Mama Pacha moyo wa kuuachia ule mkono.

~

Waliingizwa makundi makundi, wakapewa dakika kumi. Zulia lilipogeuka kutoka jekundu kuwa la kijani, wanawake wote waliokuwa mbele yake walianza kulia kwa pamoja, na yeye akalia.

Alikuwa na orodha. Mitihani ya mapacha. Kifua cha mumewe. Mwalimu mkuu apone, mpishi mwenzake apate mtoto, jirani apate kazi. Alipoinuka kutoka sijda na kufungua viganja, orodha yote ilimtoka kichwani. Aliona kitu kingine: shuka analolibadilisha alfajiri kabla ya kwenda kuwapikia watoto mia nne. Sindano ya sukari asubuhi na jioni. Mama mkwe akimwita mwizi mbele ya wageni kwa sababu hakumbuki alikoficha miwani yake. Mumewe akisimama mlangoni akisema pole, kisha akienda zake kazini.

Midomo yake ikasema yenyewe, polepole, "Ya Allah, nimechoka. Nipumzishe na mama huyu."

Alisikia alichokisema. Alitaka kuongeza neno, kulifafanua, kusema hakukusudia hivyo, lakini mlinzi alishampiga kofi jepesi la bega akimhimiza atoke, na kundi jingine lilikuwa linaingia.

Walitolewa kwa mlango tofauti na ule walioingilia. Mama Pacha ilimbidi azunguke uani, chini ya miavuli mikubwa iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguka, avue viatu upya, apekuliwe mkoba upya. Ndani ya mkoba mlinzi alikuta mkate uliofungwa kwenye karatasi na kitambulisho chenye kamba ya shingoni. Kitambulisho kilikuwa cha Bi Mwalimu, kina jina, hoteli na namba ya kiongozi. Alikivua asubuhi akidai yeye si mtu wa kuvaa hirizi, na Mama Pacha, kwa kuchoka kubishana, akakitia mkobani. Mkate nao ulikuwa wake. Alidungwa sindano alfajiri, kisha akakataa kula, akanywa nusu kikombe cha chai.

Nguzo ya tatu haikuwa na mtu.

Alihesabu tena kutoka kwenye kizuizi. Akahesabu kutoka upande wa pili. Wafanyakazi walikuwa wamekunja mazulia ya sehemu ile, wanapiga deki, na wanawake wote waliokuwa wamekaa pale walikuwa wamehamishwa. Bibi mwenye msahafu hakuonekana. Nguzo zilikuwa nyingi, zote nyeupe, zote zinafanana, na chini ya kila nguzo alikaa mwanamke mzee aliyevaa nguo nyeusi au nyeupe, na kila mmoja, mpaka alipogeuka, alikuwa Bi Mwalimu.

Mama Pacha ana sauti. Jikoni kwake akiita kuni, hata mlinzi wa geti husimama. Sauti ile ilimpanda mpaka kooni, akafungua kinywa kuita, na akakumbuka alipo. Hapa watu hawapazi sauti. Hilo alifundishwa na huyuhuyu anayemtafuta, akiwa na miaka saba. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono: "Mama. Mama." Wanawake kumi hivi waligeuka, kwa kuwa neno hilo linaeleweka karibu kila mahali. Mlinzi akaweka kidole midomoni.

Ndipo lile wazo lilipomjia, nalo likamfanya akae chini sakafuni kama aliyekatwa miguu. Aliomba. Akaomba mahali ambapo dua hairudi. Na haikupita hata robo saa.

~

Alipopigiwa simu, Fundi alikuja mbio kutoka upande wa wanaume, viatu mkononi. Walikutana uani.

"Si ulimshika mkono?"

"Nilimwacha kwenye nguzo. Kibali kilikuwa kimoja."

Fundi aliinamisha macho. Aliyaona maandishi mekundu tena, kama yameandikwa kwenye marumaru. Mkewe naye alikuwa na neno la kumwambia, wewe si ulisema vyote vimepita, lakini hakulisema. Aliogopa kwamba likianza kutoka hilo, lile jingine lingefuata. Walisimama hivyo, kila mmoja ameficha kosa lake, kila mmoja akidhani ndiye peke yake mwenye kosa.

"Amekula?" aliuliza Fundi.

Mama Pacha akamwonyesha mkate.

Fundi anajua mambo machache kuhusu ugonjwa wa mama yake, ila hili analijua: aliyedungwa asipokula, sukari hushuka, na ikishuka mtu hulala asiamke. Alitazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro, na jua lilikuwa linauma.

Walizunguka milango yote ya upande ule. Mama Pacha aliingia vyoo vya wanawake, ngazi baada ya ngazi, akiinama kutazama miguu chini ya milango. Fundi alipita maduka ya kanzu na tasbihi, akionyesha picha ya mama yake kwenye simu, picha ya arusi ambayo Bi Mwalimu amenuna. Wenye maduka walikuwa wapole. Walimwombea, wakampa maji. Hakuna aliyemwona. Mmoja alimfuata mpaka barabarani kumwambia kitu ambacho Fundi hakukielewa, akarudi nacho dukani.

Saa tano na nusu kiongozi wa msafara aliwakuta kwenye ukumbi wa hoteli. Watu wa msafara walikuwa wamekaa kwenye makochi, wanangoja kuteremka kwa swala ya adhuhuri, na wote waliacha kuzungumza. Kiongozi hakufoka. Aliuliza maswali kwa upole mbaya zaidi ya kufoka: ni nani aliyekabidhiwa mama huyu, kitambulisho kilikuwa wapi, na je, hakusema siku ya kwanza kwamba mtu mwenye mgonjwa ibada yake ni yule mgonjwa? Mama Pacha alijibu kila swali akitazama sakafu, kama mtoto aliyeunguza chungu. Muuza vitambaa alikuwa amekaa pale pale. Safari hii alijifanya anahesabu tasbihi.

Kisha kiongozi akamvuta Fundi pembeni na kuomba pasi ya kusafiria ya Bi Mwalimu. Angeanza na zahanati za karibu, akasema, halafu hospitali kubwa. Halafu akashusha sauti, akataja na kule kwingine. Fundi alitingisha kichwa kukubali, lakini alibaki ameishika ile pasi, na kiongozi ilibidi aivute mara mbili.

Mama Pacha hakusikia lililosemwa. Aliona tu vidole vya mumewe, akaelewa.

~

Walimwacha msikitini adhuhuri, wakimwambia abaki karibu na nguzo ile labda mama atarudi. Alisimama safuni na wanawake asiowajua, akainama walipoinama. Hakujua amesoma nini. Alijaribu kuomba mama apatikane, na kila mara ulimi ulipofika kwenye dua, alisita. Alihisi kama mtu aliyepeleka barua kwa mkubwa, ikajibiwa haraka, na sasa anataka kwenda kuomba irudishwe. Kwa uso gani?

Imamu alitoa salamu. Safu hazikuvunjika. Katika msikiti ule, karibu kila baada ya swala ya faradhi, huswaliwa waliofariki mjini, na kipaza sauti hutangaza kwanza kama maiti ni wanaume, wanawake au watoto. Sauti ilitangaza. Mama Pacha hajui Kiarabu cha kuzungumza, lakini neno lile alilijua. Alifundishwa sebuleni kwa Bi Mwalimu, akalikosea, akachapwa, akalirudia mpaka likakaa. Mwanamke. Mmoja.

Baridi ilimwanzia utosini. Akaanza kupiga hesabu ya ajabu: kutoka saa tatu mpaka sasa, je, muda unatosha mtu kufa, kuoshwa, kukafiniwa na kuletwa hapa? Unatosha? Kama hawajui jina lake, huharakisha au hungoja? Takbira ya kwanza ikapigwa, akainua mikono pamoja na wengine, akamswalia yule mwanamke, ambaye alikuwa mama wa watu wengine au mama yake, machozi yakiingia mdomoni. Kati ya takbira ya tatu na ya nne alisema kimoyomoyo, "Sikuomba hivi. Wewe unajua sikuomba hivi." Naye alijua kwamba hana hakika.

Katika saa hiyohiyo Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma, kwenye korido yenye baridi, nje ya mlango usiokuwa na dirisha, mlango wa chumba cha maiti. Ubaridi wa mashine aliufahamu. Alisikia mota inaunguruma nyuma ya ukuta na sikio lake, lenyewe tu, likatambua kwamba feni moja imechakaa. Alishika kichwa. Kiongozi aliingia peke yake, akakaa ndani muda ambao Fundi asingeweza kuueleza, akatoka.

"Siye," alisema kiongozi. Na yule mtu wa maneno mengi akakaa kando yake.

~

Simu ya zahanati ilipigwa muda mfupi kabla ya alasiri. Walikuwa na mwanamke mzee asiye na jina. Mfagiaji wa barabara alimkuta amejikunyata kwenye kivuli cha duka lililofungwa, ametokwa na jasho jingi, haongei. Walipompima, sukari ilikuwa imeshuka karibu na kuisha. Wamemtundikia dripu. Anasema lugha wasiyoijua.

Mama Pacha alifika wa kwanza, kwa miguu, bila kungoja gari. Muuguzi alimwongoza mpaka kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia. Bi Mwalimu alikuwa amelala, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi, nywele zake nyeupe nje, soksi moja imetoboka kwa kutembea bila viatu. Muuguzi aliuliza kwa ishara: wako? Mama Pacha alipiga magoti. Alishika unyayo ule wenye soksi iliyotoboka, akauweka shavuni.

Baada ya kitambo macho ya mgonjwa yalifunguka, yakazunguka, yakatua.

"Umeshamsalimia Mtume?" aliuliza.

"Nimemsalimia, mama."

"Nilikuja kukuangalia. Nikaona unachelewa."

Pengine angenyamaza hapo, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa ameishika ile siri tangu asubuhi kama kaa la moto, na huyu ndiye aliyemfundisha, akiwa mtoto, kwamba haki ya mtu huombwa kwake mwenyewe. Akainamisha kichwa mpaka kikagusa godoro.

"Mama, nisamehe. Nimekuombea vibaya. Kule ndani, kwenye zulia la kijani, nilimwomba Mungu anipumzishe na wewe."

Dripu ilidondoka tone kwa tone. Bi Mwalimu alitazama dari, mpaka Mama Pacha akadhani akili yake imeshaondoka tena, kule inakokwenda siku zote.

"Hata mimi," alisema. "Siku ile tumefika. Nilisema, Mola wangu, mpumzishe huyu mtoto na mimi." Akavuta pumzi. "Sijui kama nilisema vizuri. Nasahau sana siku hizi."

Kisha akafumba macho. Mama Pacha alibaki pale amepiga magoti, na badala ya kupata nafuu aliogopa upya, hofu nyingine, tulivu, inayokaa mifupani. Kumbe dua hazikuwa moja. Zilikuwa mbili, zimepelekwa mahali pamoja, na kifua kile chembamba kilikuwa bado kinapanda na kushuka mbele yake. Aliweka kiganja juu yake. Alihesabu pumzi, moja moja, kama anavyohesabu sahani.

Fundi alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia, na kikombe cha maji ya moto mkononi. Hakuingia mpaka maji yalipopoa.

~

Waliruhusiwa kuondoka jioni ileile. Muuza vitambaa alihamia chumba cha wenzake bila kuambiwa, akaacha kitandani shali jipya la pamba, halina barua. Bi Mwalimu akalala. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akakung'uta soksi zake, akazikunja, akazikunjua.

"Nilisikia," alisema.

Mama Pacha alingoja. Alikuwa ameshajiandaa kwa lolote, hata talaka.

"Kile kibali, niliona jana kwamba hakikupita. Nikakwambia vimepita." Alizungumza na soksi. "Na mambo ya mama, nimekuwa nakwambia pole. Miaka miwili nakwambia pole."

Mama Pacha aligeuka kumtazama mama mkwe. Aliogopa kwamba akijibu atalia, na akilia mama ataamka. Fundi akasema kesho ni siku yao ya mwisho, na mtu haondoki mji ule bila kuaga. Basi Mama Pacha aende kuaga, na mama atabaki na mwanawe.

"Utamwosha?"

"Nitamwosha."

"Na sindano?"

"Nionyeshe."

Akamwonyesha, kwa chungwa, pale pale chini ya taa. Fundi wa watu, aliyezoea kushika nyaya zenye umeme, alitokwa jasho puani.

~

Asubuhi alikwenda peke yake. Hakuwa na kibali cha kuingia popote, kwa hiyo alisimama uani, kwenye marumaru, pamoja na wengine wasio na vibali, akilielekea lile kuba la kijani lililo juu ya kaburi la Mtume. Pembeni yake wanawake walikuwa wameinua viganja, wanaomba: watoto, afya, waume, nyumba. Na yeye akainua vyake. Akatafuta dua, na kila aliyoishika aliigeuza kwanza, akaikagua upande wa nyuma, akaiogopa. Mpe umri mrefu. Mrefu kiasi gani, na katika hali gani? Mpe wepesi. Wepesi upi?

Mwisho alishusha mikono. Alitoa salamu yake kwa sauti ya chini. Akatoa ya mumewe. Akatoa ya Bi Mwalimu, kwa jina lake kamili na la baba yake, kama wanavyofanya watu waliotumwa salamu na wasioweza kufika. Hakuomba kitu. Alisimama kidogo zaidi, mikono imeanguka ubavuni, akageuka na kurudi hotelini kwa mwendo wa mtu aliyeacha chungu motoni.

Alipanda kwa lifti. Kwenye korido hakusikia kitu, akaharakisha. Akafungua mlango.

Bi Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, hai, amekasirika. Gauni alikuwa amevishwa nje ndani, mishono yote inaonekana. Nusu ya nywele zake ilikuwa imesukwa kitu kisichokuwa na jina. Kwenye kimeza cha kando ya kitanda kulikuwa na sahani ya uji, umeliwa mpaka chini, na mwingine ulikuwa kwenye shati la Fundi, aliyepiga magoti nyuma ya mama yake, kitana mdomoni, macho mekundu.

Mama mkwe alipomwona, alimnyooshea mkono ule ambao jana uliachwa.

"Afadhali umekuja, mwanangu," alisema. "Huyu mtu mmemtoa wapi? Hajui kazi hata kidogo."

Fundi alitoa kitana mdomoni. Alimtazama mkewe, na katika macho yake mkewe aliona kwamba mama yake hajamtambua tangu alfajiri, na kwamba hakuthubutu kujitambulisha.

Mama Pacha alivua viatu, akaja akakaa kando yao, akaushika ule mkono.

"Anajifunza, mama," alisema. "Mvumilie. Anajifunza."